Wafuasi Si Wasomaji: Pa Kuanzia Katika Mtandao wa Machapisho Mafupi

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja auzaye leso na mabuibui karibu na Biashara Street, hapa Mombasa, akaniambia: "Mwanangu, nitafutie kwanza watu elfu tano, nikishawapata ndipo nitakapoanza kuandika." Tayari alikuwa amemtumia kijana fulani pesa kwa simu, na akaunti yake ilionyesha wafuasi elfu mbili na ushei, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza bei ya doti moja. Huyo ni mteja wangu wa nne mwezi huu kuja na ombi hilohilo. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mmoja mmoja, kwa hivyo naliandika hapa.

Kufungua akaunti kwenyewe hakuna mengi. Chagua jina fupi, weka picha ya duka au uso wako, na katika wasifu useme unauza nini, uko wapi na unafungua saa ngapi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na namba ya muda, siku hiyohiyo. Katika X, iliyoitwa Twitter zamani, tangu Machi 2023, namba ya uthibitisho haiji kwa ujumbe mfupi wa simu ila kwa wanaolipia huduma, kwa hivyo tumia programu ya kuzalisha namba. Nafasi ya kuandika ni herufi 280 katika X kwa asiyelipa, na katika mitandao mingine ya aina hiyo ni 300 katika Bluesky, na 500 katika Threads na kwenye seva nyingi za Mastodon, mtandao unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea. Muuza leso hana haja ya kuhofia ufupi huo, kwa maana jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, ni mstari mmoja tu na ndio unaomfanya mnunuzi asimame.

Sasa nije kwenye wafuasi. Zamani, Twitter ilipokuwa ikipanga machapisho kwa saa, aliyekufuata aliliona chapisho lako iwapo alifungua simu wakati unaofaa. Tangu 2016 mpangilio huo ulianza kubadilika, na Machi 2023 kampuni ilipoweka hadharani sehemu ya programu inayopanga machapisho, ilieleza kwamba katika ukurasa wa mapendekezo (For You), kwa wastani, nusu ya yanayoonyeshwa hutoka kwa watu ambao msomaji hawafuati kabisa. Maana yake ni kwamba mtu wa Kisauni asiyekujua anaweza kuletewa chapisho lako, na mfuasi wako wa mwaka mzima asilione.

Kinachoamua chapisho lipi lionyeshwe ni nini? Katika maelezo ya kampuni hiyo ya Aprili 2023, mashine hukadiria uwezekano wa msomaji kufanya kila tendo, kisha huuzidisha kwa uzito wa tendo hilo. Kulipenda chapisho kulipewa uzito wa 0.5, kulisambaza 1, kulijibu 13.5, na kulijibu kisha mwandishi naye akashughulika na jibu hilo, 75. Wengi husoma namba hizi kwa pupa, wakadhani kila jibu ni alama 13.5 mkononi, la, uzito huzidishwa na makadirio, na chapisho ambalo mashine haitarajii lijibiwe hubaki chini hata uzito uwe mkubwa kiasi gani. Namba zenyewe hubadilishwa wakati wowote, nami sizifundishi kama sheria. Ninachokishikilia ni mwelekeo wake: mazungumzo yalithaminiwa zaidi sana kuliko kupendwa, na idadi ya wafuasi uliowanunua haizungumzi. Roboti, yaani akaunti isiyo na mtu nyuma yake, haiulizi bei, haijibu, haifungui wasifu wako. Isitoshe, kununua wafuasi kunavunja kanuni za mtandao huo, na Julai 2018 Twitter ilipoziondoa akaunti ilizozifunga kwa kuzishuku katika hesabu ya wafuasi, hata watu mashuhuri waliamka wakakuta namba zao zimepungua.

Katika Mastodon hoja hii ni nzito zaidi, kwa kuwa ukurasa wa mwanzo hufuata saa tu, na mgeni mara nyingi hukufikia kwa kusambaziwa na mtu anayemfuata au kwa alama ya reli (#), ile iliyopendekezwa na Chris Messina mwaka 2007. Ukiiandika, anza kila neno kwa herufi kubwa, kama #LesoZaMombasa, ili programu inayomsomea asiyeona iweze kutenganisha maneno.

Kwa hivyo wiki mbili za kwanza mimi humtaka mteja ajibu zaidi kuliko anavyochapisha. Mtu akiuliza apate wapi doti ya harusi, usimwandikie "karibu dukani" ukaondoka. Mweleze pindo la leso hiyo likoje, mji wake, yaani sehemu ya katikati, una maua gani, jina lake linasemaje, na kama inafaa kupewa mkwe. Na hapa pana tabia inayoniudhi kuliko zote: muuzaji anaulizwa bei mbele ya watu, naye anajibu, "Njoo inboksi." Ameyaua mazungumzo yaliyokuwa yakimfikisha kwa wengine, na amewafanya wote waliokuwa wakisoma washuku kwamba bei inapangwa kwa kumtazama mtu. Andika bei. Kama inategemea kitambaa, andika bei mbili. Nimelisema hili mara nyingi kiasi kwamba wateja wengine hulimalizia kabla yangu, kisha wakirudi nyumbani huandika vilevile "njoo inboksi".

Hata hivyo, lipo jambo ambalo yule mama alinibana nalo. Aliniambia kwamba mnunuzi wa Nairobi anayetakiwa kutuma pesa kabla ya kuiona leso hutazama idadi ya wafuasi kwanza, na akikuta kumi na wawili, hatumi. Hilo ni kweli, nimeliona, na sina jibu linaloniridhisha. Humshauri mteja aweke picha za duka na mtaa, na akubali kulipwa mzigo ukifika, lakini hiyo humhamishia yeye hatari ya mnunuzi. Vilevile, kujibu watu kila siku kunakula bando na saa za dukani, na wapo wauzaji niliowaambia waziwazi kwamba hali (status) ya WhatsApp inawatosha, kwa kuwa wanunuzi wao wote ni majirani na jamaa.

Mama huyu si mmoja wao. Ana wanunuzi Malindi na Nairobi. Kwa kuwa akaunti yake ilikuwa na machapisho matatu tu, nilimshauri afungue nyingine kuliko kuwaondoa wale elfu mbili mmoja mmoja. Alinyamaza kwa muda, kwa sababu pesa aliyoitoa ilimuuma, kisha akakubali. Jumamosi analeta doti tatu tuzipige picha, pindo na jina vikionekana, na bei tutaiandika papo hapo.