Mtaalamu wa IPC hospitalini: anasomea nini, na utafiti unamhusu vipi

Karibu kila hospitali kubwa siku hizi ina mtu anayeitwa mratibu wa IPC. Kirefu chake ni kinga na udhibiti wa maambukizi, ila kazini hakuna anayetaja jina lote. Mara nyingi ni muuguzi, pengine tabibu, afisa afya au mtu wa maabara. Wodini anajulikana kama yule anayepita kuangalia sabuni kama ipo na sanduku la sindano kama limejaa. Hiyo ni sehemu ndogo mno ya kazi yake. Na kwa kuwa anaonekana hivyo, waajiri wengi hawaoni haja ya kumsomesha, sembuse kumpa nafasi ya kufanya utafiti.

Kwa ufupi, mtaalamu wa IPC ni mhudumu wa afya aliyepewa jukumu la kuhakikisha mgonjwa haondoki hospitalini na ugonjwa ambao hakuja nao, na mhudumu naye harudi nyumbani na ugonjwa alioupata kazini. Kwa kawaida, ambukizo huhesabiwa kuwa la hospitalini likijitokeza baada ya saa 48 tangu mtu alazwe, na halikuwapo wala halikuwa limeanza kuchipuka alipoingia. Ni kidonda cha upasuaji kinachotunga usaha, homa inayoanzia kwenye kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, maambukizi ya njia ya mkojo kwa aliyewekewa mpira, nimonia ya aliye kwenye mashine ya kupumulia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja la aina hiyo. Upande wa wahudumu, mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi ulionyesha kwamba mhudumu wa afya alikuwa katika hatari ya kuambukizwa mara 21 hadi 32 zaidi ya mtu mzima wa kawaida. Kwetu Tanzania, virusi vya Marburg vilipoingia Kagera mwaka 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Cheo hiki si cha zamani sana. Muuguzi wa kwanza kupewa kazi hii rasmi aliteuliwa mwaka 1959 huko Torbay, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakati bakteria wa stafilokoka walipokuwa wakizunguka kati ya wagonjwa na wafanyakazi. Watu walikubali haraka kwamba kazi hiyo ina maana, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha. Uthibitisho ulitoka Marekani. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilianzisha katikati ya miaka ya 1970 utafiti mkubwa uliojulikana kwa kifupi kama SENIC, na matokeo yake makuu yakatoka mwaka 1985. Hospitali zilizokuwa na mambo manne zilipunguza maambukizi kwa asilimia 32: ufuatiliaji unaokwenda pamoja na hatua za kudhibiti, muuguzi mmoja wa IPC kwa kila vitanda 250, daktari aliyesomea epidemiolojia ya hospitali (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea), na utaratibu wa kuwapa madaktari wa upasuaji takwimu za vidonda vyao wenyewe. Hospitali zisizokuwa na mpango wa maana ziliona maambukizi yakipanda kwa asilimia 18 katika kipindi hichohicho.

Ukiyatazama mambo hayo manne vizuri, utaona sabuni haikutajwa. Si kwamba haina maana. Ni kwamba kilichotenganisha hospitali hizi na zile ni kuwa na mtu anayejua kuhesabu maambukizi na kupeleka hesabu mahali inapotakiwa. Mimi nashika hapo: asiyefundishwa kuhesabu hajawa mtaalamu wa IPC, hata akiwa na barua ya uteuzi mkononi.

Na kuhesabu kwenyewe kuna mitego. Tuseme mwezi huu wodi ya wanaume imepata maambukizi manne ya mkojo, ya wanawake mawili. Mganga mfawidhi akiona hivyo atawaita wa wodi ya wanaume. Lakini kama wagonjwa wa wodi ile walikaa na mipira ya mkojo jumla ya siku 800, na wa wodi ya pili siku 200, basi ya kwanza ina maambukizi 5 kwa kila siku 1,000 za mpira, na ya pili ina 10. Wenye tatizo kubwa ni wale walioachwa. Kwa sababu hiyo mafunzo ya IPC yanaanza na maswali ambayo kwa mtu wa nje yanaweza kuonekana madogo: nini kinahesabiwa kuwa ambukizo, nani anaingia kwenye hesabu, kwa muda gani.

Mfano mwingine ni mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya tatu anaruhusiwa, kitabu cha wodi kinaandikwa kwamba ametoka salama. Siku ya nane kidonda kinafunguka akiwa kijijini, anakwenda zahanati ya jirani, anapewa dawa. Hospitali haijui. Kanuni ni kumfuatilia kwa siku 30, na njia rahisi ni kumpigia simu ukiwa na maswali yaleyale kwa kila mama: kidonda kimetoa maji au usaha, kimefunguka, umepata homa, umetibiwa wapi. Asiyepiga simu atakuwa na takwimu nzuri kupita kiasi, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba si za kweli.

Baada ya hesabu yapo mengine ya kusoma: jinsi vimelea vinavyosafiri kutoka kwa mtu hadi mtu, usugu wa dawa, hewa na maji ya jengo, taka, uchunguzi wa mlipuko, na namna ya kuwashawishi watu wenye vyeo kukuzidi. Nitakaa kidogo kwenye usafishaji wa vifaa, maana hapo ndipo tofauti ya aliyesoma na asiyesoma inaonekana kwa macho. Furushi la vifaa likitoka kwenye mashine ya mvuke, ule mkanda uliobandikwa juu huwa umebadilika rangi. Wengi hulichukulia hilo kuwa uthibitisho kwamba vifaa ni salama. Mkanda unakuambia tu kwamba furushi limepita kwenye joto. Haukuambii kama mvuke ulifika katikati, wala kama nyuzi 121 zilidumu muda unaotakiwa. Kwa hilo kuna kiashiria cha kuweka ndani ya furushi, na kuna kipimo chenye mbegu sugu za bakteria ambazo zikifa, unajua hata vimelea vingine vimekufa. Na kabla ya yote hayo, koleo lililokaukiwa damu kwenye bawaba halitakasiki kwa mvuke. Lazima lifunguliwe na kusuguliwa kwa brashi kwanza. Mtu wa IPC aliyefundishwa ataomba kuona daftari la mashine na brashi yenyewe. Asiyefundishwa ataangalia mkanda na kuweka tiki.

Elimu hii hupatikana kwa ngazi. Marekani wataalamu waliunda chama chao, APIC, mwaka 1972. Upo pia mtihani wa kitaaluma unaotoa cheti ambacho lazima kihuishwe kila baada ya miaka mitano, kwa kuwa mambo hubadilika. Kwa Afrika kuna mtandao wa ICAN, ambao miongoni mwa waanzilishi wake ni Profesa Shaheen Mehtar wa Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Stellenbosch kimekuwa kikitoa diploma ya uzamili katika fani hii. Kenya ina mtandao wake, IPNET. Kwetu njia iliyozoeleka bado ni semina ya siku chache, kisha mtu anarudi wodini kubeba zamu zake kama kawaida huku jina lake likiwa ubaoni kama mratibu. Semina si mbaya. Ubaya ni kuifanya mwisho wa safari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu mahitaji ya chini kabisa unataka hospitali kubwa ya rufaa iwe na walau mtu mmoja aliyefunzwa, anayefanya kazi hii muda wote, kwa kila vitanda 250. Muda wote maana yake ni kwamba hapangiwi zamu ya usiku leba.

Sasa utafiti. Neno hili huwatisha wauguzi wengi kwa sababu wamelizoea kwenye vyuo vikuu na miradi ya wafadhili. Katika IPC, utafiti ni hatua inayofuata hesabu: umeona kiwango kiko juu, unabadilisha jambo, unapima tena kwa kipimo kilekile. Mfano ninaoupenda ni ule wa hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe, uliofanyika kuanzia mwaka 2013 hadi 2015. Walichagua mambo machache: mgonjwa aoge kabla ya upasuaji, nywele zisinyolewe kwa wembe, antibayotiki itolewe kwa wakati kabla ya kuchana, ngozi ya mgonjwa na mikono ya daktari isafishwe kwa dawa ya spiriti iliyotengenezwa hospitalini hapohapo, na watu wapunguze kuingia na kutoka thieta. Maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kutoka ng'ambo. Dawa ya mikono ya kanuni ya Shirika la Afya Duniani huchanganywa na mfamasia: ethanoli asilimia 80, glisaroli kidogo ya kulinda ngozi, na haidrojeni peroksaidi ya kuua mbegu za bakteria zinazoweza kuwamo kwenye chupa. Kisha inaachwa saa 72 kabla ya kugawiwa.

Kumsaidia mtu wa IPC kufanya kazi ya namna hiyo si lazima kuwe kwa fedha nyingi. Anahitaji saa za kazi zilizotengwa. Anahitaji mtu wa takwimu wa kumwambia mapema, kabla hajaanza kukusanya, kama idadi ya wagonjwa alionao itaweza kuonyesha tofauti yoyote. Anahitaji maabara inayopokea sampuli zake na kuotesha bakteria, na mtu wa kumwongoza kwenye kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Makala za kitaaluma za kusoma zipo: mpango wa Hinari, ulioanza mwaka 2002, unazifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo bure au kwa gharama nafuu. Wauguzi wengi hawajui kwamba taasisi yao inaweza kujiandikisha. Msimamizi wa maktaba wa chuo cha karibu atakuwa mtu wa kwanza wa kumuuliza.

Kwa anayeanza leo bila chochote kati ya hivyo, ushauri wangu ni achague aina moja tu ya upasuaji, na upasuaji wa uzazi unafaa kwa sababu upo kila siku. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: tarehe, wa dharura au wa kupangwa, antibayotiki imetolewa saa ngapi na kisu kimepita saa ngapi, namba mbili za simu za mama, kisha majibu ya simu ya siku ya 7, ya 14 na ya 30. Namba ziwe mbili kwa sababu ya kwanza mara nyingi ni ya mume aliye safarini.