Je, wajua kwa nini mbwa anaweza kushiba ugali kila siku na bado akadhoofika?

Popi aliletwa kwetu akiwa na miezi minne, kamba ya katani shingoni, na jirani aliyemleta alisema jambo moja tu kuhusu chakula: "Huyu hana shida, anakula ugali." Na kweli alikula. Kila jioni tulikwangua ukoko wa sufuria, tukaumwagia mchuzi uliobaki, naye akalamba bakuli mpaka likang'aa. Baada ya miezi mitatu manyoya yake yalikuwa yamepauka kama gunia lililoanikwa juani, tumbo limetuna, na miguu ya mbele imeanza kuingia matege. Tulidhani ni minyoo. Daktari wa mifugo alimpapasa mbavu, akamfunua mdomo, akaturudishia swali: "Mnampa ugali na nini?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jambo hili, kwa sababu nyumba nyingi ninazozijua zinamfuga mbwa kwa upendo kabisa, na bado zinamlisha kama tulivyomlisha Popi.

Kwanza niutetee ugali. Mbwa wetu ni wa ukoo mmoja na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, mnyama anayeishi kwa kuwinda, na wako watu wanaosema kwa sababu hiyo mbwa asiguse nafaka. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, wakiongozwa na Erik Axelsson, walilinganisha jeni za wanyama hawa wawili. Iko jeni inayoliwezesha kongosho kutoa amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwa mwitu ana nakala mbili za jeni hiyo. Mbwa wa nyumbani waliopimwa walikuwa nazo kuanzia 4 hadi 30. Hiyo ni alama ya miaka elfu nyingi ya kuishi pembezoni mwa mashamba na majiko ya watu. Sharti ni kwamba wanga uive vizuri, maana mbwa hatafuni sana, anameza, na mate yake hayasaidii kuvunja wanga kama yetu yanavyosaidia. Uji mzito ulioiva au ugali laini anauweza.

Basi kwa nini Popi alidhoofika? Jibu lake, ajabu, lilipatikana Marekani kati ya watu waliokula karibu kama sisi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, maskini waliishi kwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi. Maelfu walikufa kwa pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Daktari mmoja wa serikali, Joseph Goldberger, alionyesha kwamba ugonjwa huo hauambukizi, bali unatokana na chakula. Mbwa wa huko nao walikuwa na ugonjwa wao uliojulikana kama ulimi mweusi: mdomo unaoza na kutoa udenda wenye harufu, mbwa anakataa kula, anaharisha damu, anakufa. Goldberger aliwalisha mbwa chakula kilichojaa mahindi kama kile cha wagonjwa wake, nao wakapata ulimi mweusi. Alifariki mwaka 1929 bila kujua ni kitu gani hasa kilichokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichuja maini hatua kwa hatua mpaka akakipata, akampa mbwa mwenye ulimi mweusi, na mbwa akapona. Ilikuwa niasini, ile tunayoiita pia vitamini B3. Muda mfupi baadaye iliwaponya watu wa pelagra.

Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungamana na vitu vingine kiasi kwamba tumbo haliwezi kuinyofoa. Tena protini yake ina upungufu wa triptofani, ambayo mwili ungeitumia kujitengenezea niasini yake. Kwa hiyo mbwa anashiba, bakuli linang'aa, na mwili unaendelea kukosa. Kipande kidogo cha ini kingetosha kubadilisha mambo.

Matege ya Popi yalikuwa na chanzo kingine. Mwaka 1919 Mwingereza Edward Mellanby alieleza jinsi alivyowalisha watoto wa mbwa uji na mkate, akawafungia ndani, wakapata matege, kisha akayazuia kwa mafuta ya ini la samaki aina ya chewa. Kazi yake ni mojawapo ya zilizofungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini D. Sisi binadamu tunaitengeneza vitamini hiyo kwa kuota jua. Mbwa hawezi, au anaitengeneza kidogo mno isimtoshe. Anaweza kulala juani Dodoma kuanzia asubuhi hadi jioni na bado akaikosa, kwa sababu yake lazima itoke kwenye chakula: samaki, ini, kiini cha yai. Isitoshe, ugali hauna kalsiamu ya maana, wala nyama tupu haina. Nimewahi kukutana na mtu aliyemnunulia mtoto wa mbwa nyama ya steki kila siku akiamini anamfanyia wema, na mifupa ya mbwa yule ilikuwa laini kuliko ya Popi.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue nini kwanza kwa hela kidogo, jibu langu ni dagaa.

Dagaa anapoliwa mzima, na mifupa yake, na ini lake, na mafuta yake, anampa mbwa protini, kalsiamu, niasini na vitamini D kwa pamoja. Hebu tupige hesabu ya mbwa mzima wa kilo 20, asiye na mimba wala ugonjwa. Kwa siku anahitaji kama kilokalori 1,000 na kitu. Gramu 200 za chenga za mchele au unga, zikiwa kavu kabla ya kupikwa, zinampa kama 720. Gramu 60 za dagaa wakavu zinaongeza kama 200. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula, 120. Jumla inafika. Dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, kwa hiyo chakula hicho kinampa karibu gramu 50 za protini, na kalsiamu inakaribia inayotakiwa bila kuongeza kitu. Kwa mwezi ni kilo 6 za chenga, kilo 2 kasoro za dagaa na nusu lita ya mafuta. Chukua bei za sokoni kwako uzidishe. Ongeza mchicha, karoti au boga lililopikwa, na ini mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiberiti. Ini lisizidi, maana vitamini A ikijaa mwilini nayo ni sumu. Hii si dawa ya kila mbwa, na daktari wa mifugo akikushauri vingine msikilize yeye, lakini ni msingi ambao Popi ameishi nao miaka saba.

Dagaa wenyewe wana mambo yao. Wa Ziwa Viktoria hukaushwa juani bila chumvi, ila wakianikwa chini huja na mchanga. Wa baharini, kama wale wanaochemshwa Unguja na Bagamoyo, mara nyingi hupitishwa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo waloweke, mwaga maji, loweka tena. Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku ni nafuu, lakini shika konzi moja uisugue viganjani: ukibaki na vumbi na mchanga kuliko samaki, unanunua uzito wa bure. Na wapike. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni pumba na unga ulioharibika. Mahindi yakiota ukungu hatuli sisi, tunasema "mpe mbwa". Ukungu huo hutoa sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka sana. Inashambulia ini. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, wakafa 125. Mwaka 2016 yaliua watu Dodoma na Manyara. Marekani, mwaka 2005, chakula cha mbwa cha mfuko kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo kiliua mbwa zaidi ya 100, na hao walikuwa mbwa wa watu wanaonunua chakula cha kiwandani. Kupika hakuiondoi. Kupepeta hakuiondoi. Na kwenye punje ya mahindi sumu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zile zile zinazogeuka pumba mashineni. Kwa hiyo pumba ya bei ya kutupa, iliyoshikana mabonge na kunuka uvundo, ndiyo chakula cha hatari kuliko vyote unavyoweza kumletea mbwa. Mbwa akianza kukataa chakula, akatapika, macho na fizi zikawa njano, usingoje kesho.

Bora chenga za mchele zilizo kavu. Nikikosa, nanunua unga ule ule tunaokula sisi.

Machinjioni pia kuna chakula kizuri cha bei ndogo: mapafu, wengu, matumbo, vichwa na miguu ya kuku. Hivi vyote nachemsha bila kubahatisha, kwa zaidi ya nusu saa tangu maji yanapotokota. Mapafu na maini ya kondoo, mbuzi na ng'ombe huweza kubeba vifuko vya maji ambavyo ndani yake mna watoto wa tegu. Mbwa akivila vibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto wako anayecheza naye anayameza. Ndani ya mtu mayai hayo hujenga vifuko kwenye ini na mapafu, na vinaweza kukua miaka mingi kabla hajajua. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni moja ya sehemu zilizoumizwa sana na ugonjwa huu duniani. Ukiona kifuko cha namna hiyo, kizike chini sana au kichome moto, usikirushe nyuma ya nyumba.

Kuhusu makombo ya mezani: shida kubwa ya mchuzi wetu ni kitunguu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kiasi cha kama gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake kinatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo 10 hicho ni nusu ya kitunguu cha kawaida. Kitunguu saumu ni cha ukoo huo huo. Zabibu kavu za kwenye pilau huweza kuua figo, chokoleti ni sumu, na mifupa ya kuku iliyochomwa hupasuka kama vibanzi. Chakula cha mbwa nakipika kwenye sufuria yake, bila kitunguu, bila kiungo chochote.

Na chakula cha mfuko? Kinafaa, hasa kwa mtoto wa mbwa, na kama fedha ni ya kubahatisha, mimi ningeitumia mwaka wa kwanza, mifupa inapojengwa, kisha nihamie kwenye sufuria. Soma nyuma ya mfuko. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mbwa mzima anahitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 18, anayekua 22.5, hesabu ikiwa imeondoa maji, na pawe na maneno yanayosema ni chakula kamili, si kitafunio. Kopo linavutia, lakini robo tatu yake ni maji. Usilinganishe bei ya mfuko na mfuko, linganisha bei ya siku: chakula kikavu kizuri kina kama kilokalori 350 kwa gramu 100, hivyo mbwa wa kilo 20 anamaliza gramu 300 kwa siku. Chakula hafifu atakila zaidi, na kinyesi kitaongezeka. Dukani wakikupimia kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, nusa kwanza. Kikinuka kama mafuta yaliyokaa, kiache.

Popi tulimbadilishia chakula kwa wiki moja, kila siku ukoko ukipungua na dagaa wakiongezeka, kwa sababu tumbo lililozoea kitu kimoja huharisha likishtuliwa. Manyoya yalianza kung'aa mwezi wa pili. Miguu haikunyooka yote. Mguu wa kushoto umebaki na tege dogo hadi leo, na akikimbilia geti unaliona.