Namba ya NIDA haina kazi kwenye karatasi ya mahudhurio

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa chuo wanapanga foleni kwenye dirisha letu la usajili na bahasha za kaki mkononi. Ndani mna vyeti, picha ndogo na kopi ya kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa. Wanatukabidhi bila kuuliza chochote. Natamani wangeuliza.

Namba ya kitambulisho hicho tunaichukua ili kuthibitisha kwamba aliyeomba nafasi ndiye aliyefika. Majina hayatoshi: yanafanana, na wapo ambao cheti cha kuzaliwa kina jina hili na cha kidato cha nne kina lile. Tukishamthibitisha, tunampa namba ya usajili ya chuo, na kuanzia hapo kila shughuli ya masomo inakwenda kwa namba hiyo. Mhadhiri anayejaza alama hana sababu ya kuiona namba ya NIDA. Anayeifungua katika mfumo wetu anaacha kumbukumbu ya jina lake na saa aliyoifungua. Kopi za karatasi zinakaa kwenye kabati lenye kufuli.

Tofauti ya namba hizi mbili ni kubwa. Ya usajili ikileta matatizo, chuo kinaweza kutoa nyingine. Ya NIDA ni ya maisha. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo anayeiona ameshaijua tarehe yako ya kuzaliwa, na wangapi wetu tumeufanya mwaka huo kuwa namba ya siri ya pesa kwenye simu? Kama wewe ni mmoja wao, badilisha leo.

Namba nyingi hazivuji kwa wadukuzi. Zinavuja kwa mazoea. Niliwahi kuona karatasi ya semina ikizungushwa ukumbini, ina safu za jina, simu, namba ya NIDA na sahihi. Kila aliyeipokea alikuwa na namba za waliomtangulia mbele ya macho yake. Jioni kiongozi wa darasa aliipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, ili waliosahau kusaini wajitokeze. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini picha ile iliingia kwenye simu za watu zaidi ya mia, na haikuwezekana kuirudisha.

Mahali pengine zinapovuja ni stationery, pale tunapoenda kuskani vyeti wakati wa maombi ya mkopo. Faili linabaki kwenye kompyuta ya dukani, mara nyingi limeandikwa jina lako kabisa. Kabla hujalipa, mwombe kijana wa pale alifute mbele yako, halafu alitoe na kwenye pipa la taka la kompyuta. Msiogope kuonekana wasumbufu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa akueleze anazichukua kwa lengo gani, na asichukue zaidi ya zinazohitajika. Chuo ni mkusanyaji, na sisi wa dirishani hatujasamehewa. Una haki ya kuona taarifa zako tulizonazo na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiona zimetumika kinyume, anza na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi wa chuo chako. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na wenzangu wa idara, kabla hamjachora safu ya NIDA kwenye fomu yoyote, jiulizeni mtaifanyia nini namba hiyo. Kama jibu ni "huwa tunaiweka tu", itoeni. Karatasi za mahudhurio tulizochapisha muhula huu zina safu mbili: namba ya usajili na sahihi.