Santorini haikuzama, wala si Atlantis

Kila ninapofundisha volkano za Ugiriki, lazima mtu aulize: "Mwalimu, Santorini si ndicho kile kisiwa cha Atlantis kinachosimuliwa kuwa kilizama baharini?" Majibu mafupi hayajasaidia. Leo nalijibu kwa kirefu.

"Santorini ndiyo Atlantis ya Plato." Hapana. Ombi langu kwa kila anayeuliza ni moja: soma kwanza alichoandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, mnamo mwaka 360 KK hivi. Atlantis yake iko nje ya mlango wa Gibraltar, ni kubwa kuliko Libya na Asia zikiunganishwa, na ilizama miaka 9,000 kabla ya Solon, mtunga sheria wa Athens. Santorini ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Aegean, kaskazini ya Krete, na mlipuko wake mkuu ulitokea takriban mwaka 1600 KK. Ili mambo yalingane, watu hufuta sifuri moja kwenye ile 9,000, wakakisogeza kisiwa mashariki, kisha wakakipunguza ukubwa. Kwa mtindo huo hata Chumbe itakuwa Atlantis! Na wanaruka kiini cha hadithi yenyewe: shujaa wake ni Athens ya kale, mji mdogo wenye utawala mwema ulioishinda dola yenye kiburi. Plato alikuwa anawafunza siasa raia wa mji wake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hadithi hii inawafunika watu waliokuwepo kweli. Mwaka 1967 Spyridon Marinatos alianza kuufukua Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu hapo hapo Santorini. Zikaonekana nyumba za ghorofa, mifereji ya majitaka chini ya barabara, na ukuta wenye picha ya kijana aliyebeba mafungu ya samaki. Maiti hazikukutwa kama kule Pompeii. Tetemeko lilitangulia, wakazi wakarudi, wakazoa vifusi na kuvirundika, kisha wakaondoka tena kabla ya mlipuko. Walisoma dalili za mlima wakaokoka. Hao ndio ningependa niulizwe habari zao.

"Kisiwa kilididimia chote usiku mmoja." Hapana. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilimwagika kwa wingi mno, chumba chake chini ya ardhi kikabaki bila cha kushikilia paa, paa likaporomoka. Bahari ikajaza shimo. Kingo zimesimama hadi leo, nazo ni visiwa vya Thera, Therasia na Aspronisi. Shimo la namna hiyo huitwa kaldera; Ngorongoro nayo ni kaldera iliyotokana na kuporomoka hivyo, ila iko bara.

"Mlipuko uliwamaliza Waminoa." Waminoa ni watu wa kale wa Krete. Marinatos alitoa hoja hiyo mwaka 1939, na wengi wamegoma kuiacha. Lakini huko Krete, juu ya tabaka la majivu, vimepatikana vyombo vya udongo vilivyochorwa pweza, vya mtindo uliostawi baadaye. Majumba makubwa mengi ya kisiwa hicho yaliteketea karibu mwaka 1450 KK, vizazi kadhaa baada ya mlipuko.

"Basi hakuna kisiwa cha volkano kinachotoweka." Vipo. Ferdinandea iliibuka kusini ya Sicily Julai 1831, mataifa yakaigombania, na mwanzoni mwa 1832 mawimbi yalikuwa yameshaimaliza, kwa sababu ilikuwa rundo la majivu na vijiwe visivyoshikana. Hakuna aliyewahi kujenga mji pale.

"Volkano ya Santorini imekufa." Ililipuka mara ya mwisho mwaka 1950, kwenye kisiwa cha Nea Kameni, katikati ya kaldera. Mapema 2025 matetemeko mfululizo yaliwafanya maelfu ya wakazi waondoke kwa meli na ndege.