Maharage 100 kwa Vikombe 20: Jinsi ya Kuwapima Farasi wa Kentucky Derby

Kila mwaka Aprili ikielekea ukingoni huingia darasani na mfuko wa maharage na vikombe 20 vya plastiki. Kila kikombe nimekibandika jina la farasi mmoja anayetarajiwa kukimbia Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, kwenye uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, Marekani. Kila kundi la wanafunzi hupewa maharage 100. Kazi yao ni kuyagawa kwenye vikombe kadiri wanavyoamini kila farasi ana nafasi ya kushinda. Harage moja ni asilimia moja, na hakuna harage linaloruhusiwa kubaki mkononi.

Wapo wazazi waliouliza kama tunawafundisha watoto wao kamari. Mimi ni mwalimu wa takwimu, na sijapata mfano bora kuliko huu wa kumwonesha mtu jinsi anavyojidanganya mwenyewe akidhani anajua. Mpira una timu mbili na matokeo matatu. Derby ina farasi 20, wote wana umri wa miaka mitatu, na kwa kawaida hakuna hata mmoja aliyewahi kukimbia umbali huo. Mbio zenyewe huisha kwa dakika mbili hivi.

Kosa la kwanza hujirudia kila mwaka. Wanafunzi wakishasikia farasi fulani ndiye kinara wa wabashiri, wanammiminia maharage 40, wengine 50. Halafu tunatazama umati wa Churchill Downs wenyewe unampa mangapi, na hapo ndipo darasa linapotulia.

Huku kwetu waliozoea kuandika mikeka ya mpira wanajua odsi, yaani kiwango cha malipo, za kampuni: ukibonyeza, odsi yako imefungwa, iwe mvua iwe jua. Derby haiendi hivyo. Fedha zote za waliobashiri mshindi huingia kapu moja, mwenye uwanja hukata chake, kiasi cha asilimia 17 na ushei, kisha kilichobaki hugawiwa waliompata mshindi. Odsi ni kivuli cha fedha hizo tu. Hupanda na kushuka mpaka milango ya kuanzia mbio inapofunguka, na uliyeweka dau asubuhi utalipwa kwa odsi ya jioni.

Sasa mchukue farasi wa 4 kwa 1. Akishinda, dola yako moja inarudi na nyingine nne, jumla tano. Kama kapu lilikuwa na dola 100 na zimebaki 82 na nusu za kugawa, na kila dola iliyowekwa kwake inalipwa tano, basi dola zilizowekwa kwake hazikufika 17. Ndiyo kusema umati mzima, pamoja na magwiji waliokesha wakisoma rekodi, unamwita huyu kuwa bora kuliko wote na papo hapo unasema mara 83 kati ya 100 atashindwa. Wanafunzi wangu waliompa maharage 50 walimwamini mara tatu zaidi ya watu walioweka fedha zao wenyewe.

Kwa hiyo swali la mpima farasi si "nani atashinda". Swali ni nani umati umempa maharage machache kuliko anayostahili. Farasi mbovu mwenye bei nzuri anaweza kuwa chaguo la busara, na farasi bora akawa ghali mno.

Tupime basi. Hapa sizungumzii mbio za uzani kama Grand National ya Aintree, Uingereza, ambako farasi mwenye sifa hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake wapate mwanya. Derby wote hubeba sawa, pauni 126, yaani kilo 57 hivi, mpanda farasi na tandiko lake pamoja. Majike hupunguziwa pauni tano, na tangu 1875 walioshinda ni watatu tu: Regret mwaka 1915, Genuine Risk 1980 na Winning Colors 1988.

Umbali ni maili moja na robo, karibu mita 2,012. Mbio kubwa za kujipima zinazotangulia, kama Florida Derby, Santa Anita Derby na Blue Grass, huishia mita 1,800 hivi. Zile mita 200 za mwisho ni giza kwa kila mtu. Ndiyo maana wapimaji hutazama ukoo: baba na babu wa mama walikuwa watu wa masafa au wa mbio fupi? Ukoo unasaidia, ila nauchukua kama tetesi. Ninachokiamini zaidi ni namna farasi alivyomaliza mbio yake ya mwisho. Je, alipokata utepe alikuwa bado anawaacha wenzake, au walikuwa wanamkaribia? Farasi aliyeshika wa pili huku akimla kiongozi kwa kila hatua anaweza kuwa na thamani kuliko mshindi aliyefika hoi. Sovereignty alishindwa Florida Derby ya 2025, akashika wa pili. Wiki tano baadaye akachukua Derby yenyewe.

Muda wa saa nao unadanganya. Udongo wa uwanja mmoja ni mwepesi na wa mwingine ni mzito, na uwanja uleule hubadilika asubuhi hadi jioni. Mmarekani Andrew Beyer ndiye aliyeipa umaarufu njia ya kuurekebisha muda kwa kuangalia farasi wote waliokimbia siku ile walikwenda vipi, kisha kumpa kila mmoja namba inayolinganishika na ya farasi wa uwanja mwingine. Leo namba hizo kila mtu anazo. Na kitu ambacho kila mtu anacho tayari kimo kwenye odsi. Ukimchagua farasi kwa kuwa ana namba kubwa kuliko wote, hujaona chochote ambacho umati haujakiona.

Kuna jambo moja ambalo umati huliona nusunusu, nalo ni mwendo wa mbio: nani atataka kuwa mbele na wako wangapi wa namna yake. Farasi wana tabia. Wengine hawatulii mpaka waongoze, wengine hupenda kukaa nyuma na kufyatuka mwishoni. Kiongozi akiwa peke yake hupumua, akajipangia kasi, na kumkamata ni kazi. Wakiwa watatu wanaogombea uongozi huuana wenyewe kwa wenyewe.

Tangu 2013 nafasi za Derby hutolewa kwa pointi, na pointi nyingi ziko kwenye zile mbio za mita 1,800. Kabla ya hapo kigezo kilikuwa fedha alizoshinda farasi, na farasi wa mbio fupi walipenya humo kwa fedha za mbio fupi, wakaja kuwasha moto mwanzoni. Mfumo mpya uliwachuja wengi wao. Matokeo yake yalionekana: kuanzia California Chrome mwaka 2014 hadi Justify mwaka 2018, kila mshindi alikuwa mbele au jirani kabisa na mbele kabla ya kona ya mwisho, na kila mmoja alikuwa kinara wa odsi. Watu wakaanza kusema Derby imekuwa rahisi.

Ikaja 2022. Asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla, farasi mmoja aitwaye Ethereal Road aliondolewa zikiwa zimebaki sekunde chache muda wa mwisho ufike. Nafasi yake akapewa wa akiba, Rich Strike. Tumtazame huyu kwa karibu kama alivyoonekana kwenye karatasi ya rekodi. Mbio saba, ushindi mmoja. Septemba ya mwaka uliotangulia alikuwa kwenye mbio ambazo kila farasi ana bei iliyotangazwa na mwenye leseni anaweza kumnunua papo hapo. Alinunuliwa kwa dola 30,000. Mbio yake ya mwisho kabla ya Derby alishika wa tatu, tena kwenye njia ya bandia na si udongo. Umati ulimwacha kwenye 80 kwa 1, yaani harage moja tu.

Milango ilipofunguka Rich Strike alitokea upande wa nje kabisa. Mbele, Summer Is Tomorrow, farasi aliyekuja kutoka Dubai, aliikata robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, robo ya haraka kuliko zote katika historia ya Derby. Waliomfukuza walilipa pamoja naye. Yeye aliishia mkiani. Epicenter, kinara wa 4 kwa 1, alikaa nyuma kidogo ya moto ule, akatoka wakati mwafaka na kushika uongozi kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka. Ungekuwa umemchagua ungekuwa tayari unahesabu fedha. Mpanda farasi Sonny Leon alikuwa na Rich Strike katika kundi la nyuma, akambana upande wa ndani, akapenya katikati ya waliochoka kama bodaboda kwenye foleni, akampita Epicenter karibu na utepe. Dau la dola 2 lililipa dola 163.60. Katika historia yote ya Derby ni Donerail pekee, mwaka 1913, aliyelipa zaidi.

Baada ya mbio watu walirudi kwenye ile karatasi, wakaona. Ule ushindi wake mmoja aliupata Churchill Downs, kwenye udongo uleule, na aliwaacha wenzake kwa zaidi ya urefu wa farasi 17. Ni kweli, ilikuwa imeandikwa. Ila nawaomba wanafunzi wasiniambie walikuwa wameiona. Kwenye karatasi za farasi wengine 19 kulikuwa na mistari ya kuvutia vilevile, na hakuna anayeikumbuka kwa kuwa hao hawakushinda.

Ugonjwa huo wa kuona mambo kinyumenyume ndio uliozaa hadithi ya mlango namba 17. Tangu milango ya kuanzia itumike Derby mwaka 1930, mlango huo haujawahi kutoa mshindi ingawa zaidi ya farasi 40 wametokea hapo. Watangazaji huutaja kama una jini. Tupige hesabu. Tuseme kila farasi ana nafasi moja kati ya 20. Uwezekano wa 45 kufuatana wote washindwe ni karibu asilimia 10. Sasa kumbuka milango iko 20. Mmoja wao kukaa mikono mitupu miaka yote hiyo si muujiza hata kidogo. Mlango namba 1 ni habari nyingine. Hapo tangu Ferdinand mwaka 1986 hajatoka mshindi, na sababu inaeleweka: kwa miaka mingi milango ilikuwa mafungu mawili yaliyounganishwa, na wa kwanza alijikuta akielekezwa kwenye uzio huku wenzake 19 wakimbana. Tangu 2020 wanatumia geti moja refu la nafasi 20, kwa hiyo hata takwimu hiyo ya zamani inapimwa kwa uwanja ambao haupo tena.

Wasomaji wetu walioko Ghuba huniuliza kuhusu njia ya Dubai. UAE Derby ya uwanja wa Meydan, Dubai, hutoa pointi za Kentucky, na farasi wazuri wamepitia huko. Hadi mbio za 2025 hakuna aliyetoka Meydan akashinda Louisville, ila Forever Young wa Japani mwaka 2024 alikuwa wa tatu kwa tofauti ya pua mbili: mshindi Mystik Dan, wa pili farasi aitwaye Sierra Leone, kisha yeye. Anayesema farasi wa Dubai hawezi anasoma ubao wa matokeo bila kuangalia picha. Na Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, lilipata ushindi wake wa kwanza wa Derby kwa Sovereignty, farasi aliyefunzwa Marekani na kukimbia mbio za Marekani.

Siku ile ya 2025 mvua ilikuwa imelowesha uwanja, udongo umekuwa uji. Tope ni mtihani wa pekee. Farasi wa mbele hukimbia na uso safi. Wa nyuma hupigwa na madonge machoni na kifuani, na wengine hukata tamaa. Sovereignty alikuwa wa nyuma, akala tope njia nzima, na bado akamshinda kinara Journalism kwa urefu wa farasi mmoja na nusu.

Kilichobaki hakipo kwenye karatasi. Mara chache nilizofika uwanja wa Ngong, Nairobi, nimekaa kwenye uzio wa mahali farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, nikawatazama masaisi wakiwaongoza. Jasho jembamba shingoni siku ya joto halina neno. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, masikio yakichezacheza na saisi akivutwa huku na huko, huyo anamaliza nguvu zake kabla ya kuanza. Louisville watu zaidi ya laki moja hupiga kelele, na farasi wa miaka mitatu ni kijana.

Na kuna kwato. Mwaka 2023 Forte, aliyetangulia kwenye makadirio ya odsi, aliondolewa asubuhi ya Derby yenyewe kwa sababu ya mguu. Mwaka 2025 Tappan Street, yule aliyemshinda Sovereignty kule Florida, aliumia wiki moja kabla ya mbio. Kinara akitoka, maharage yake hayapotei. Lazima yagawiwe upya. Wengi humrundikia wa pili yote. Tazama kwanza aliyetoka alikuwa wa kukimbia mbele au nyuma. Akitoka mmoja wa viongozi wawili, yule mwingine aliyebaki peke yake mbele ndiye anayestahili sehemu kubwa.

Darasani tulifanya zoezi letu la 2022 siku ya Alhamisi. Tulibandika majina 20, tukagawa, tukabishana hadi kengele ikalia. Jina la Rich Strike halikuwa kwenye kikombe chochote. Tangu mwaka huo nanunua vikombe 24, kwa kuwa wa akiba wanaoruhusiwa ni wanne.