Kazi imeisha, bima je? Maswali ya SHA kwa watu wa Mombasa

Tangu Oktoba 1, 2024 NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya zamani, haiko tena, sasa ni SHA (Social Health Authority). Wanaohangaika zaidi naona ni waliotoka kazini, wa bandarini, wa mahoteli, wa kliaring ya mizigo, maana walizoea ofisi ndo inashughulika na kila kitu.

Nimeachishwa kazi, kadi ya kampuni bado inafanya?

Ile bima ya praiveti kawaida huzimwa ukitoka, muulize HR ni siku gani hasa, usije ukaambiwa dirishani mgonjwa yuko mkononi. SHA usajili ni wako, unatoka nao. Kinachosimama ni malipo, manake aliyekuwa akikukata asilimia 2.75 ya mshahara na kuipeleka kufikia tarehe 9 ni bosi na sasa hakukati tena, kwa hivyo ukikaa tu kava inaisha na wewe hujui.

Sasa nifanyeje?

Piga *147# ama nenda Huduma Centre, sema huna mwajiri tena. Utaulizwa maswali, nyumba imejengwa na nini, maji unapata wapi, unapikia nini, halafu wanakupa kiasi chako. Jibu ukweli, na ukiona kimezidi uwezo wako rudi uwaeleze. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, lakini asiyeajiriwa analipa mwaka mzima kwa mpigo, yani kuanzia 3,600. Hapa mimi naona wamewabana watu wa kipato cha siku, mama wa viazi karai pale Mwembe Tayari hiyo pesa ya pamoja aitoe wapi? Kuna Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka kisha unarudisha kidogo kidogo, ulizia hiyo.

Sijalipa na mtoto ana homa

Mpeleke zahanati ama kituo cha afya cha serikali, zile levo 2 na 3, tafadhali usikae naye nyumbani. Bora mmesajiliwa, matibabu ya kawaida pale yanalipwa na mfuko wa afya ya msingi, hutozwi. Akihitaji kulazwa ama operesheni huko Makadara, ile hospitali kuu ya Coast General, hapo ndo wanaangalia kama umelipa.

Mbona wengine wanakatwa zaidi kuliko NHIF?

NHIF ilikuwa mwisho 1,700 hata ulipwe nusu milioni. Sasa hakuna kikomo, mwenye laki anakatwa 2,750, lakini wa 30,000 ameshuka kutoka 900 hadi 825. Najua inauma, ila mimi naunga mkono, mwenye nacho ambebe asiye nacho.

Mke wangu ni mjamzito, nimwandike wapi?

Mwongeze kwa akaunti yako leo, na watoto pia, usidhani wamehama wenyewe kutoka NHIF. Linda Mama ya zamani, ule mpango wa kujifungua bure, haiko tena peke yake, kujifungua sasa kuko ndani ya SHA, kwa hivyo pesa iwe imeshaingia kabla uchungu haujaanza.