Je, wajua kwa nini wazo zuri hukujia ukiwa kwenye feri?

Mtunzi wa mashairi wa Mji wa Kale, Mombasa, anakesha akisaka kina cha -ndo, yaani neno linaloishia kwa sauti hiyo. Maneno yanakuja upesi: tendo, upendo, mwendo. Yote yameshachakazwa na malenga tangu enzi za Muyaka. Anafunga daftari, analala. Asubuhi anavuka Likoni kwa feri, macho majini, hawazi lolote, mara neno linajileta lenyewe: nyundo! Ubeti unafunguka.

Maneno kichwani hukaa kwa ujirani. Ukiita moja, ya kwanza kuitika ni yale tuliyozoea kuyasikia pamoja nalo. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Mmarekani, Sarnoff Mednick, alieleza kwamba ubunifu ni kuunganisha mambo yaliyo mbalimbali, na ya mbali huchelewa kufika. Ndiyo maana wazo la kwanza mara nyingi ni la kila mtu. Nami ndiyo sababu naliheshimu sana sharti la vina: humlazimisha mtunzi kuyapita maneno ya karibu.

Ukiacha kuhangaika, ubongo haulali. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza kuhusu sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi pale mtu asipokuwa na shughuli maalumu. Hizo zinahusika na kumbukumbu na kuwazia yasiyokuwepo. Kisha mwaka 2004 Mark Beeman, John Kounios na wenzao waliwapima watu waliokuwa wakifumbua mafumbo ya maneno. Takriban theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajabonyeza kitufe kuonyesha kuwa jibu limemjia ghafla, mawimbi ya umeme yalipanda ghafla upande wa kulia wa ubongo, juu ya sikio. Na kabla ya hapo, sehemu ya nyuma inayoshughulikia kuona ilitulia kidogo, kama mtu anayefumba macho ili asikie vizuri.

Lakini bila ule mkesha, feri ni feri tu. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alikuwa ameshahangaika na hesabu zake siku nyingi, ndipo jibu likamjia huko Coutances, alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari la abiria. Hata hivyo, aliporudi Caen alikaa chini kulithibitisha.

Mtunzi wetu naye akishuka ng'ambo bado ana kazi. Mshororo wake una mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane. Penye upendo sasa pana nyundo: upendo ina tatu, nyundo mbili. Imepungua moja, na lazima aitafute.